Ukiambiwa Sistimu Iko Chini, Uliza Ipi

Kabla ya saa mbili asubuhi, foleni ya Kituo cha Huduma cha Mombasa, pale jengo la Posta kwenye Barabara ya Digo, huwa imeshajipanga. Wamo waliovuka feri kutoka Likoni, waliopanda matatu Mikindani alfajiri, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee aliyeshikwa mkono na mjukuu. Kisha, siku mbaya, neno linaanza kutembea kutoka mbele kwenda nyuma: sistimu iko chini. Hakuna anayesema ni sistimu gani, imelala tangu lini, wala kama kuna maana ya kungoja. Watu wanabaki wamesimama kwa sababu kuondoka ni kupoteza nafasi, na kubaki ni kupoteza siku ya kazi.

Neno hilo moja limebebeshwa hitilafu nyingi zisizofanana, na kila moja ina muda wake na dawa yake. Zipo zinazoisha kwa nusu saa. Zipo ambazo hazitaisha leo hata ukilala hapo. Na zipo ambazo si hitilafu ya mtambo kabisa, ni jina lako lililozidi herufi moja kwenye karatasi ya zamani. Mtu anayejua kuzitofautisha hujiokolea safari ya pili na ya tatu. Ofisi isiyozitofautisha inamwibia mwananchi muda wake, na kwa kibarua anayelipwa kwa kutwa, muda ni unga wa jioni.

Ombi la siku hizi hupita mikono mingi kabla halijakurudia. Linaanzia kwenye simu yako au kwa kijana wa saiba (duka la intaneti), linaingia eCitizen, jukwaa la serikali la huduma za mtandaoni, linatoa ankara. Pesa inatoka kwenye M-Pesa, taarifa ya malipo inaelekea kwenye seva ya serikali, ndipo unafika dirishani na afisa analifungua ombi kwenye mfumo wa idara yake, ambao ni mwingine. Hapo zinachukuliwa picha na alama za vidole. Kitambulisho, kwa mfano, hakitengenezwi Mombasa: maelezo yako yanakwenda Nairobi, yanalinganishwa na yaliyomo, kadi inachapishwa huko, halafu inasafirishwa kurudi kwa ofisi uliyoomba. Kiungo kimoja kikikatika, afisa aliye mbele yako anaona kitu kimoja tu, duara linalozunguka kwenye skrini. Mara nyingi naye hajui limekwama wapi. Kumtukana hakusaidii. Kumuuliza swali sahihi kunasaidia.

Anza na taa. Stima ikipotea mtaani, jenereta huwaka, lakini kompyuta na ruta huanza upya, na maafisa hulazimika kuingia tena kwenye mifumo yao mmoja mmoja. Hiyo ni subira ya robo saa hadi nusu saa, na inafaa kuingoja. Stima ikipotea nchini ni hadithi nyingine. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2024 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme, na siku ya namna hiyo hata ofisi yenye jenereta nzuri inaweza kukosa wa kuzungumza naye upande wa pili.

Kama taa zinawaka, tazama madirisha ya jirani. Uzuri wa Vituo vya Huduma, tangu vilipoanzishwa mwishoni mwa 2013, ni kwamba idara nyingi ziko chini ya paa moja. Dirisha la vitambulisho likiwa limesimama huku la NSSF (hifadhi ya jamii) na la KRA (mamlaka ya kodi) yanaendelea, ujue mtandao wa jengo ni mzima na kilicholala ni mfumo wa idara ile. Hakuna mtu Mombasa mwenye ufunguo wake, na aliye dirishani anangoja simu kutoka Nairobi kama wewe. Madirisha yote yakisimama kwa pamoja, tatizo liko kwenye jengo au kwenye waya unaolifikia. Hilo fundi wa hapa hapa anaweza kulishughulikia.

Kipimo cha tatu kiko mfukoni mwako. Washa data na ufungue eCitizen kwa simu yako mwenyewe. Ikikataa kwako, ikakataa na kwa aliye Nakuru, basi ni nchi nzima, na foleni yako haina faida. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipodai kuishambulia eCitizen kwa kuifurika maombi bandia hadi ikashindwa kuwahudumia watu wa kweli. Waziri wa Habari na Mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kwamba mfumo ulivamiwa. Wakati huo huo serikali ilikuwa imekwisha kuhamishia maelfu ya huduma zake kwenye jukwaa hilo moja. Kuweka mlango mmoja kuna raha yake, lakini mlango huo ukifungwa, aliyetaka pasipoti na aliyetaka leseni wanalala nje pamoja.

Wakazi wa hapa huuliza kwa haki: nyaya za intaneti zinazopita baharini zinatua Mombasa, TEAMS ilifika mwaka 2009, Seacom na EASSy nazo ziko hapa, inakuwaje sisi ndio tukose mtandao? Jibu ni kwamba waya wa baharini unatuunganisha na dunia, lakini rekodi yako ya kitambulisho haiko ng'ambo. Fiba ya nchi kavu ikikatwa, umbali kati ya dirisha la Mombasa na Nairobi ni ule ule wa mji usio na bahari. Nyaya za baharini zenyewe zikikatika, kama EASSy na Seacom tarehe 12 Mei 2024, kinachoonekana ni ukonda: kurasa hufunguka polepole, fomu hugoma katikati. Siku ya intaneti konda usijaze fomu ndefu. Ukijaza ukurasa wa tatu na muda wa kikao ukaisha, unaanza tena mwanzo, na mara nyingine ankara mbili zinazaliwa kwa ombi moja.

Malipo ndiyo yanayotesa wengi zaidi, na hapa inafaa kwenda taratibu. Huduma za serikali kuu hulipiwa kwa Paybill (nambari ya malipo ya M-Pesa) 222222. Mahali pa nambari ya akaunti haliandikwi jina lako wala nambari ya kitambulisho, bali kumbukumbu ya ankara iliyotolewa kwa ombi hilo hilo. Juu ya ada ya huduma kuna ada ndogo ya mfumo. Ukishalipa, M-Pesa inakutumia ujumbe papo hapo, lakini ujumbe huo unatoka Safaricom, hautoki serikalini. Kuna taarifa nyingine usiyoiona inayokwenda kwenye seva ya eCitizen kusema ankara fulani imelipwa. Kama seva imelala dakika ile, taarifa inabisha mlango uliofungwa. Pesa imetoka kwako, ankara bado inasoma haijalipwa.

Usilipe mara ya pili. Hilo ndilo kosa ghali kuliko yote, kwa sababu aliyelipa mara mbili anajipa kazi mbili, kusukuma ombi na kudai pesa zake, na ya kudai pesa ndiyo ndefu. Rudi kwenye ankara ile ile baada ya saa chache, ufungue ukurasa upya. Ikiwa siku imepita na haijabadilika, andaa vitu vitatu: ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala (ile ya herufi na tarakimu kumi), kumbukumbu ya ankara, na tarehe na saa ya malipo. Kwa hivyo vitatu wahudumu wa eCitizen wanaweza kuoanisha malipo na ankara kwa mkono. Ukikosa hata kimoja, unaambiwa urudi kesho. Na kama ulikosea nambari ya Paybill yenyewe, pesa ikaenda kwa mtu mwingine, hilo si la eCitizen: sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 ya Safaricom upesi, kabla aliyezipokea hajazitoa.

Kwa sababu hiyo, kijana wa saiba asilipe kwa simu yake. Anafanya hivyo kwa wema na kwa haraka, lakini ujumbe unabaki kwake, na siku ukiuhitaji amehama Mwembe Tayari amekwenda Mtwapa. Baya zaidi ni akaunti. Saiba nyingi humfungulia mteja eCitizen kwa barua pepe ya duka na laini ya duka, ili kazi iende. Baada ya miezi sita unataka kufuatilia pasipoti, neno la siri huna, na nambari za uthibitisho zinatumwa kwenye simu ya mtu usiyemjua. Kurudisha akaunti kama hiyo ni taabu kuliko ombi lenyewe. Akaunti ifunguliwe kwa laini yako iliyosajiliwa kwa jina lako, na neno la siri uliandike kwenye daftari nyumbani. Mzee asiye na simu ya intaneti aandikiwe na mwanawe au mjukuu, mtu ambaye mwakani atakuwa bado nyumbani kwao.

Sasa lile la majina, ambalo Mombasa linatukuta zaidi. Sikiliza tofauti: sistimu iko chini, na sistimu imekataa. La pili halihusu stima wala seva. Mbele ya kompyuta Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu. Athman, Othman na Athumani hali kadhalika. Abdulrahman ya neno moja kwenye cheti cha kuzaliwa na Abdul Rahman ya maneno mawili kwenye kitambulisho cha baba hazikutani. Mwanaisha aliyeandikwa hospitalini Mwana Aisha atasumbuka siku ya kutimiza miaka 18. Msikitini na mtaani ni mtu mmoja asiye na shaka, ukoo wake unajulikana hadi babu wa nne. Mashine inahesabu herufi tu.

Kabla hujatoka nyumbani, tandika karatasi zote mezani: cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi wote wawili, vyeti vya shule. Soma kila jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta tofauti, rekebisha kutoka kwenye shina. Cheti cha kuzaliwa ndicho shina, vingine vimeota juu yake. Watu hukimbilia kurekebisha kitambulisho kwa sababu ndicho kinachohitajika leo, halafu wakaomba pasipoti na kugundua cheti cha kuzaliwa bado kina jina lile la zamani, wakaanza tena. Kwa tofauti ndogo ya tahajia, hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo ndiyo ya kuanzia. Kubadilisha jina lenyewe ni utaratibu mwingine wa kisheria na unachukua muda.

Na shina hupandwa siku ya kwanza. Mama akijifungua hospitalini, karatasi ya taarifa ya kuzaliwa isomwe wodini, kabla ya kutoka, kalamu ikiwa bado mkononi mwa muuguzi. Aliyezaliwa nyumbani husajiliwa kupitia naibu wa chifu. Sheria inatoa miezi sita. Ikipita, usajili unaitwa wa kuchelewa, na ushahidi unaodaiwa unaongezeka. Miezi sita hupita upesi katika nyumba yenye mtoto mchanga, kwa hiyo kazi hiyo apewe shangazi au baba, na asiachiwe mzazi anayenyonyesha.

Kuna kungoja kwingine ambako hakukusababishwa na mashine. Kwa miaka mingi vijana wa Pwani wenye majina ya Kiislamu, wa Kiswahili, wa Kiarabu, wa Kisomali, wamepitishwa kwenye mchujo wa ziada mbele ya kamati, wakadaiwa karatasi za babu ambazo jirani wa kabila jingine hakudaiwa. Jamii ya Wapemba waliokaa Pwani kwa vizazi hawakutambuliwa kuwa raia hadi mwaka 2023. Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi tamko la kuondoa mchujo huo wa ziada kwa kaunti za mipakani. Ukiambiwa ulete karatasi ambayo haimo kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, omba kwa adabu uonyeshwe imeandikwa wapi. Swali hilo, likiulizwa kwa sauti ya kawaida, mara nyingine linatosha.

Alama za vidole nazo zina shida zake. Vidole vya fundi mwashi, vya mama anayefua nguo za watu kwa sabuni kali, vya mzee wa miaka 70, vimelika, na kifaa hakioni mistari. Ngozi kavu mno haisomeki, na ngozi yenye jasho la Machi la Mombasa huacha doa. Osha mikono, ikauke vizuri, na kama ngozi imekauka kama gamba paka mafuta kidogo usiku wa kuamkia siku ile, usipake asubuhi. Kidole kikikataa, omba kijaribiwe tena baada ya kupanguswa, na kioo cha kifaa nacho kipanguswe, maana kimeshikwa na watu wengi kabla yako. Usikubali kuondoka na alama hafifu ili mradi zimeingia. Alama hafifu zinaweza kukwama Nairobi, nawe unangoja kadi bila kujua kwamba ombi limesimama.

Kuhusu pasipoti, ofisi iko jengo la Uhuru na Kazi, Mama Ngina Drive. Tangu Machi 2024 kitabu cha kurasa 34 ni shilingi 7,500, cha 50 ni 9,500, cha 66 ni 12,500. Mwaka 2023 foleni ya vitabu nchini ilikuwa ndefu kupindukia kwa sababu mitambo ya kuchapisha ilikuwa imechoka na vitabu vyenyewe vilipungua. Anayesafiri kwa kazi ya Ghuba asinunue tikiti kwa kutegemea tarehe aliyoambiwa kwa mdomo.

Ada nyingine nazo huhama kwa tangazo moja la gazeti rasmi. Kubadilisha kitambulisho kilichopotea kulikuwa shilingi 100, mwaka 2024 ikawa 1,000. Soma kiasi kwenye ankara yako, usiamini bango la zamani wala mtu aliyetoa cha kwake miaka mitatu iliyopita. Kadi mpya za kitambulisho, ziitwazo Maisha, zilizoanza kutolewa mwishoni mwa 2023, zina muda wa miaka kumi, kwa hiyo kizazi hiki kitarudi kwenye foleni hii. Hiyo ni sababu kubwa ya kuitengeneza sasa.

Kuhusu siku za kwenda: epuka Jumatatu na siku inayofuata sikukuu. Ijumaa kuanzia adhuhuri mji unakwenda msikitini, na madirisha hupungua. Likizo za shule huleta vijana wa vitambulisho kwa wingi. Juni ikikaribia tarehe 30, kila mwenye nambari ya kodi anakumbuka marejesho ya kodi kwa pamoja, na mfumo wa KRA unalemewa. Marejesho yanaweza kujazwa tangu Januari.

Nje ya ofisi kama hizi hakukosi broka. Anajifanya ana njia ya ndani. Ukweli ni kwamba seva ikilala, imelala kwake pia. Anachouza mara nyingi ni habari: mfumo umerudi saa ngapi, dirisha gani lina watu wachache, karatasi gani inakosekana. Ni habari ambazo ofisi ingezitoa bure na yeye angekosa biashara siku hiyo hiyo. Na ukimwachia kitambulisho na neno lako la siri, umempa zaidi ya pesa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki, na aliyeathiriwa na uamuzi apewe sababu kwa maandishi. Kwa hiyo ukirudishwa nyumbani, usiondoke mikono mitupu. Omba afisa aandike nyuma ya fomu tarehe, kilichokwama, na siku ya kurudi, agonge muhuri. Akikataa, andika mwenyewe mbele yake, pamoja na nambari ya dirisha. Ombi lililokaa kupita muda ulioandikwa kwenye mkataba wa huduma, ule ubao mkubwa wa ukutani, liandikie barua ya kuomba habari za lilipofikia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi la habari kama hilo. Wakinyamaza, nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa ipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala, Ombudsman, wale wenye kauli ya hata mnyonge ana haki. Hawatozi ada. Lakini wanahitaji karatasi, na malalamiko yasiyo na tarehe hayana pa kushikwa.

Upande wa ofisi, linalohitajika kwanza halingoji bajeti ya Nairobi. Ubao mlangoni, unaoandikwa saa mbili kasorobo na kufutwa kila kinapobadilika kitu: vitambulisho, mfumo wa Nairobi umelala tangu jana saa tisa, leo tunatoa kadi zilizofika tu. Pasipoti, alama za vidole zinaendelea. Vyeti vya kuzaliwa, mtandao polepole, rudini saa sita. Chini yake daftari la majina na nambari za simu za waliorudishwa, nao waitwe kwanza mfumo ukiamka. Feri ni bure kwa aendaye kwa miguu, ila matatu za pande zote mbili si bure, na mama wa Likoni akipigiwa simu kwamba seva bado, atalifungua genge lake la biashara asubuhi hiyo.